Fahamu: Mchungaji afanye nini mke anapopigwa nyumbani?

Bunia, makao makuu ya Ituri, ina makanisa mengi: Katoliki, CECA 20, Anglikana na mengineyo. Mke anayepigwa huweza kumwendea mchungaji kabla ya polisi. Jibu la kwanza lina uzito.

Kwa nini asipatanishwe papo hapo?
Mbele ya mumewe hataweza kusema yote; akiyasema, huenda akapigwa tena usiku. Asikilizwe peke yake au pamoja na mama wa kanisa anayemwamini, na siri yake itunzwe. Mume aonywe kando, mke akiwa tayari salama na amekubali.

Maandiko je?
Malaki 2:16 husomwa sana kukataza talaka. Aya hiyohiyo inalaani pia ukatili. Mahubiri yataje yote mawili.

Sheria inasemaje?
Ibara ya 14 ya Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 inaitaka serikali ipambane na ukatili dhidi ya wanawake, hadharani na majumbani. Kwa ukatili wa kingono, Sheria namba 06/019 ya 2006 hairuhusu faini ya maelewano kuzima kesi. Kwa hiyo kikao cha wazee hakichukui nafasi ya mahakama.

Hospitali lini?
Aliyebakwa afike ndani ya saa 72, apewe dawa za kuzuia VVU.

Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mwana wa mchungaji na mshindi wa Nobel 2018, huunganisha matibabu, ushauri, msaada wa kisheria na riziki. Kanisa linaweza kumsindikiza mke katika hatua zote nne.