Vitendawili vya Picha na Kanuni Zilizofichwa Ndani Yake

Alinijia chuoni baba mmoja, mkononi ana karatasi iliyochorwa miraba na maduara, na uso wake umekunjamana. Akaniambia: "Maalim, mwanangu huyu akili yake nzito. Amepewa vitendawili kumi vya picha, akapata vitatu tu." Mtoto mwenyewe alikuwa nyuma yake ameinamisha kichwa, na mtoto huyo ndiye atambuaye herufi upesi kuliko wenzake wote chuoni. Nikamwomba baba ajaribu kitendawili cha nne. Alikaa nacho mpaka ikaadhiniwa alasiri wala hakukipata. Na mimi, nisifiche, sikukipata kabla yake.

Tangu siku hiyo nimeyatafuta mambo haya, na nimeona yafaa niwaeleze wazazi yale niliyoyafahamu, kwani watoto wengi hupimwa kwa vitendawili vya namna hii, na hukumu itokayo huingia nyumbani ikakaa.

Kwanza ijulikane kwamba kitendawili cha picha hakimwulizi mtu anajua nini. Humwuliza: ni jambo gani lililozipanga picha hizi hivi zilivyo? Jambo hilo ndilo tuliitalo kanuni. Picha zaweza kuwa maelfu, lakini aina za kanuni ni chache, kama vile rangi za chane zilivyo chache na mikeka isivyo na idadi.

Kipimo mashuhuri cha namna hii kilitolewa mwaka 1938 na Mwingereza mmoja, John Raven. Katika vingi vya vitendawili vyake huwa pana vyumba tisa, vitatu kwa vitatu, na chumba cha mwisho ni kitupu. Chini yake pana majibu kadhaa, nawe hutakiwa uchague lile linalokijaza. Mwaka 1990 wataalamu watatu wa Marekani, Patricia Carpenter, Marcel Just na Peter Shell, walikichambua kile kipimo kigumu cha Raven kiwekwacho kwa watu wazima, wakaona kwamba karibu vyote vimejengwa kwa kanuni za aina tano.

Aina ya kwanza ni kitu kukaa vile vile katika mstari mzima: mstari wa juu wote ni miraba, wa kati wote ni maduara. Hii hata mtoto mdogo huiona. Ya pili ni kuzidi au kupungua kwa hatua, mathalani nukta moja, kisha mbili, kisha tatu. Ya tatu ni kujumlisha na kuondoa: ukiichukua picha ya kwanza ukaiweka juu ya ya pili, hupata ya tatu. Ya nne ni kugawana vitatu, yaani kila mstari una mraba, duara na pembetatu, kila kimoja mara moja tu, ila mpango wao hubadilika, mfano wa ndugu watatu wenye kofia tatu wanaobadilishana kila siku.

Ama ya tano ndiyo iliyotushinda mimi na yule baba. Katika kila mstari kitu huonekana katika vyumba viwili na katika cha tatu hakipo. Jicho huzoea kutafuta kilichopo. Hapa hutakiwa ulihesabu pengo nalo kuwa ni kitu. Tulikuwa tukiutafuta mstari mmoja mweusi katika chumba cha tatu, kumbe kutokuwapo kwake ndiko kulikokuwa kanuni.

Na ugumu mwingine ni kwamba kitendawili kimoja chaweza kubeba kanuni mbili au tatu pamoja: umbo lafuata hii, rangi yafuata ile, na idadi ina njia yake. Wataalamu wale walitunga programu mbili za kompyuta. Ya kwanza ilijibu kama mwanafunzi wa kadiri wa chuo kikuu. Ya pili ilijibu kama wale walio hodari. Ya pili ilizidi kwa kuweza ile aina ya tano, na pia kwa kujua kuyapanga yaliyobaki: nimekwisha pata kanuni ya umbo, sasa niiweke kando bila kuisahau, nitafute ya rangi. Watoto wetu wengi hukwama papo hapo. Huona kanuni moja, wakafurahi, wakachagua jibu upesi.

Kuna na vitendawili vya namna nyingine, nami navipenda zaidi. Mwaka 1967 Mrusi mmoja, Mikhail Bongard, alitoa kitabu kilichokuwa na vitendawili mia moja, akitaka kujua vipi mashine itaweza kutambua vitu kama atambuavyo mwanadamu. Katika kila kimoja pana picha sita kushoto na sita kulia, wala hapana majibu ya kuchagua. Wewe mwenyewe useme kwa maneno: hizi sita zina nini ambacho zile sita hazina? Vya mwanzo ni vyepesi: kushoto makubwa, kulia madogo, kushoto pembetatu, kulia maumbo ya pande nne. Kisha kanuni hutoka katika kitu chenyewe, ikaenda katika uhusiano wa kitu na mwenziwe: pembetatu juu ya duara, na kinyume chake; au pembetatu ndani ya duara, na duara ndani ya pembetatu. Mbele zaidi ni kanuni ya kundi zima: hapa vyote ni vya rangi moja, pale vimechanganyika. Kitendawili cha mia moja ni herufi mbili za Kirusi, kila moja imeandikwa kwa miandiko sita, na mtazamaji hana budi aione herufi chini ya mwandiko.

Nilipofika hapo nilicheka, kwa kuwa kazi hii ndiyo tuifanyayo chuoni kila asubuhi. Be, te na the zina mwili mmoja. Be ina nukta moja chini, te mbili juu, the tatu juu. Hiyo ni kanuni ya idadi na mahali. Ain huwa na sura moja ikiwa peke yake, nyingine mwanzoni mwa neno, nyingine katikati na nyingine mwishoni, na mtoto wa miaka sita huijua kuwa ni ain ile ile. Mtoto aliyepita hapo hawezi kuambiwa kwamba hana jicho la kanuni.

Lipo jambo jingine ambalo wapimaji hulipita upesi. Mchoro waonyesha nukta moja, kisha mbili, kisha nne; nini hufuata? Mmoja atasema nane, kwa kuwa kila mara zimekuwa maradufu. Mwingine atasema saba, kwa kuwa iliongezwa moja, kisha mbili, na sasa ni zamu ya tatu. Wote wawili wana kanuni. Ikiwa karatasi ya majibu ina nane tu, huyu wa saba atawekewa alama ya kosa, na hapana aliyemwuliza kwa nini. Mimi naona ni dhuluma kumsahihisha mtoto katika vitendawili hivi bila ya kuisikia sababu yake.

Na wale wasemao kwamba vipimo hivi huonyesha akili ya kuzaliwa tu, na wayatazame haya. Mwaka 1987 James Flynn, profesa wa New Zealand, alikusanya habari za mataifa 14, akaona alama zimepanda kizazi kwa kizazi. Huko Uholanzi, kwa vijana waliopimwa kwa ajili ya jeshi, zilipanda kiasi cha 20 baina ya 1952 na 1982. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, watoto wa Embu, Kenya, wa miaka saba hivi, walipimwa kwa kitabu cha Raven mwaka 1984, na wengine wa umri huo huo mwaka 1998. Wa pili waliwashinda wa kwanza kwa wazi kabisa. Wachunguzi walitaja kusoma kwa wazazi, hali ya familia, na chakula na afya ya watoto. Damu haigeuki kwa miaka kumi na minne.

Juma la pili yake nilimwita yule mtoto na babake. Sikumfunza jibu hata moja. Nilimpangia kete chini mkekani, safu tatu, kete mbili mbili na pengo likihama, nikamwuliza: pengo liko wapi, na litakwenda wapi? Akaonyesha kwa kidole. Kisha nikampa ile karatasi yake. Alikitazama cha nne kitambo kidogo akaweka alama, akaendelea na cha saba na cha tisa bila ya kuambiwa. Babake alikuwa angali anakitazama cha nne.