Nyambizi ya Kijana Ipimwe, Isikatazwe

Karl Stanley wa New Jersey, Marekani, alikuwa na miaka 15 alipoanza kuunda nyambizi nyumbani kwao kwa bomba la chuma. Kazi ilimchukua takriban miaka minane. Chombo chake, C-BUG, hakikuwa na injini ya kukisukuma: kilizama kwa kuingiza maji kwenye matangi, kikaibuka kwa kuyatoa, na mabawa yakakifanya kiteleze mbele. Baadaye alianza kuteremsha watalii katika kisiwa cha Roatán, Honduras, na nyambizi yake ya pili, Idabel, hufika kina cha mita 600. Mzazi akisikia mwanawe ana mpango wa namna hiyo atatamani kuficha mashine ya kuchomelea, na hofu yake ina msingi. Lakini swali la kuuliza si miaka ya mjenzi. Ni kama tabia ya chuma chake chini ya maji inajulikana, na kama chombo kimepimwa kabla mtu hajaingia.

Chukua mlango wa duara wenye upana wa sentimita 50, unaotosha mtu kupenya. Mita moja tu chini ya maji, unakandamizwa kwa uzito wa karibu kilo 200. Mita 10, tani mbili. Ndiyo maana aliyekwama hata kwenye bwawa la kina kifupi hawezi kuusukuma atoke: lazima kwanza ayaache maji yaingie, hadi mgandamizo wa ndani ulingane na wa nje. Hewa nayo ina hila zake. Katika chumba kidogo, kaboni dayoksaidi anayoitoa mtu kwa kupumua humzidi kabla oksijeni haijaisha, hivyo huhitajika chokaa maalumu ya kuinyonya. Kijana anayepiga hesabu hizi akijua uhai wake unazitegemea, hujifunza fizikia kwa uzito ambao mtihani wa darasani hauufikii.

Wapo watakaosema ajali ya nyambizi ya Titan imefunga mjadala. Mimi naiona kinyume. Wajenzi wake walikuwa watu wazima wenye kampuni na fedha, wakatumia nyuzi za kaboni ambazo uchovu wake katika kina kirefu haukujulikana vya kutosha. Mwaka 2019 Stanley mwenyewe alizama nayo Bahamas, akasikia milio ya kupasuka, akamwandikia mkuu wa kampuni kumwonya. Silinda ile ya nyuzi za kaboni ilibadilishwa, ila mpya nayo ikasagika tarehe 18 Juni 2023 na kuua watu watano. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba Idabel, kama Titan, haina cheti cha wakaguzi wa vyombo vya bahari. Ni kweli, na kwa abiria wanaolipa nauli hilo silitetei. Wengine hupendekeza kijana aunde badala yake roboti za mabomba ya plastiki, kama zile za mpango wa SeaPerch, na kwa mtoto wa miaka 13 nakubaliana nao kabisa. Kwa mwenye miaka 17 anayejua kuchomelea, sharti langu ni moja: nyambizi ifungwe kamba na mawe, ishushwe tupu hadi mara mbili ya kina anachokusudia, ikae huko saa kadhaa, kisha fundi asiye ndugu yake akague kila mshono.