Sabuni ya unga kwenye tangi la wipa

Magari meusi ndiyo yanayosema ukweli. Tazama boneti ya gari jeusi lililoegeshwa juani katikati ya Butembo: chini kidogo ya kioo cha mbele kuna michirizi myeupe, na kwenye paa, karibu na ukingo wa kioo, kuna vidoa vya duara ambavyo haviondoki kwa kitambaa. Mwenye gari atalaumu mvua, au atamlaumu fundi rangi. Tangi la maji ya wipa halitajwi, ingawa alama zote zinafuata njia ya maji yake. Gari likiwa limesimama, maji hutiririka hadi kwenye boneti. Likiwa mwendoni, upepo huyabeba hadi paani.

Mazoea ya madereva wetu yanajulikana. Sabuni ya unga, ile ya kufulia, kiganja kimoja ndani ya tangi, kisha maji ya bidoni mpaka juu. Kioo kinatakata, hilo sibishi. Lakini sabuni hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nguo, na nguo husuuzwa kwa maji mengi baadaye. Ndani yake mna kabonati ya sodiamu, yaani magadi, na maji yake hufika pH 10 au 11 wakati maji safi ni 7. Boneti haisuuzwi na mtu. Tone linaangukia bati lenye joto, maji yanapaa, magadi yanabaki, na kadiri tone linavyopungua ndivyo ukali wake unavyozidi. Ule mduara mweupe ni mahali magadi yalipokolea kuliko kwingine kote.

Rangi ya kiwandani ina tabaka kadhaa: chini dawa ya kuzuia kutu, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho vanishi inayong'aa. Vanishi hiyo ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa binadamu una kama 70. Mtu mwangalifu huipaka nta juu yake, na nta ndiyo ya kwanza kuondoka, kwa sababu kazi ya sabuni ya kufulia ni kung'oa mafuta. Nta ikiisha, jua linaikuta vanishi haina kinga. Na jua la kwetu si la mchezo. Butembo iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na mionzi inayochosha vanishi hupita kwa urahisi kuliko pwani. Watu hudanganywa na ubaridi. Mwili unaweza kutaka sweta huku boneti nyeusi haigusiki kwa kiganja. Beni, iliyo chini zaidi na yenye joto zaidi, angalau haimdanganyi mtu.

Tena unga hauyeyuki vizuri katika maji baridi. Mabaki hutuama chini ya tangi, pampu huyavuta, tundu la kurushia maji huziba nusu, na maji badala ya kupiga kioo humwagikia pembeni au huruka juu ya paa. Sindano ya kushonea inatosha kulizibua. Kwa magari mengi yenye kijitundu kinachozunguka, sindano hiyohiyo hukigeuza mpaka maji yapige katikati ya kioo. Ni kazi ya dakika chache, na peke yake hupunguza sana maji yanayofika kwenye rangi.

Kisha kuna vumbi. Kilomita 54 za Barabara ya Taifa namba 2 kati ya Butembo na Beni zimewalisha mafundi rangi kwa miaka mingi. Tarehe 16 Juni 2021 Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Museveni wa Uganda walizindua huko Mpondwe, mpakani, mradi wa barabara unaojumuisha kipande hiki pamoja na kilomita 80 za kutoka Kasindi hadi Beni. Lami ni habari njema, ila vumbi la njia za mitaani halitakwisha leo wala kesho. Udongo wetu mwekundu una chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko kioo chenyewe, seuze vanishi. Dereva akibonyeza maji ya wipa, tope jekundu lenye sabuni hushukia boneti na kukaukia hapo. Jioni kijana wa kuosha magari analifuta kwa kitambaa kikavu, na kitambaa hicho ni msasa tu. Kama huna maji ya kutosha, heri uliache tope mpaka kesho kuliko kulifuta kavu.

Wengine wamehamia dawa ya bluu ya chupa inayoletwa kutoka nje. Nyingi ya hizo zina pombe ili maji yasigande wakati wa baridi kali. Kwetu barafu iko kwenye vilele vya Ruwenzori, mita 5,109 juu, na hakuna gari linalopanda huko. Ikichanganywa kama lebo inavyoelekeza, dawa hiyo haiidhuru vanishi ya kiwandani iliyokomaa, ingawa hupunguza nta kidogo kidogo. Ninachokihofia ni methanoli. Umoja wa Ulaya, kuanzia Mei 2019, umezuia kuwauzia wananchi maji ya wipa yenye methanoli ya asilimia 0.6 au zaidi, kwa sababu kiasi kidogo tu kikinywewa hupofusha au kuua. Chupa isiyo na lebo inayosomeka usiinunue, na usiweke dawa hiyo katika chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuiokota.

Javeli, yaani dawa ya klorini, nayo tunaijua vizuri. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, wakati wa Ebola, klorini ilikuwa kila mlango: asilimia 0.05 kwa mikono, asilimia 0.5 kwa sakafu, vifaa na magari ya wagonjwa. Ilikuwa lazima, na rangi ya gari haiwezi kuwekwa kwenye mizani na uhai wa mtu. Lakini klorini ikiachwa ikauke juu ya bati, hubaki chumvi inayoita kutu popote penye mkwaruzo, na mipira ya wipa na ya milango hukakamaa. Ndiyo maana gari lililopuliziwa husuuzwa dawa ikishamaliza muda wake wa kazi. Kwenye tangi la wipa javeli haina nafasi, hata kwa kuua ukungu wa kijani.

Hayo yote huwa mabaya maradufu kwa gari lililopakwa rangi upya, na magari yetu mengi ya mitumba yamepitia mkono wa fundi wa bodi kabla au baada ya kuvuka Kasindi. Rangi ya gereji isiyo na vanishi ni laini, na pombe huweza kuifanya ififie. Kujua, chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna vanishi hapo. Gari lililotoka kupakwa rangi lipe mwezi mzima wa maji matupu tu.

Basi nini kiingie tangini? Maji ya mvua, ambayo hayana chokaa, na mvua Mungu ametujalia. Acha mvua ya kwanza ioshe bati la nyumba, kinga inayofuata, chuja kwa kitambaa safi. Kwa lita 5 ongeza kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya gari. Ukiikosa, sabuni ya maji ya vyombo kwa kiasi hichohicho, na uvumilie povu. Badilisha maji hayo kila wiki au mbili, kwani maji matupu yaliyolala hufuga vijidudu. Mwaka 2010 wataalamu wa afya ya umma wa Uingereza waliyahusisha maji ya wipa yasiyo na dawa na ugonjwa wa mapafu wa bakteria Legionella.

Madoa yaliyokwisha kukaa yashughulikie kivulini, bati likiwa baridi. Mwagia maji kwanza, kisha siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, usiiache zaidi ya dakika moja, suuza kwa maji mengi, paka nta. Kamwe siki isikutane na javeli, hutoa gesi ya sumu. Ukipitisha ukucha ukahisi shimo, vanishi imeshaliwa. Hapo siki haisaidii tena, mtafute fundi mwenye polishi.

Na ukinunua gari lililoingia kupitia Kasindi, mwaga kwanza maji yaliyomo kwenye tangi la wipa na ulisuuze mara mbili. Hujui aliyekutangulia aliweka nini.