Wasifu wa Babu na Haki ya Picha Yake

Wajukuu wengi siku hizi hutamani jina la babu yao, aliyesomesha madrasa umri wake wote, lionekane katika Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti ambayo kwa Kiswahili ilianza mwaka 2003. Nia ni njema. Lakini kamusi hiyo haipokei ushahidi wa sebuleni. Hutaka yaliyochapishwa na watu wasio wa nyumba ile. Wala sharti hilo si geni kwetu, watu wa isnadi, tuliozoea kuuliza habari imepokewa kwa nani. Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912–1982) alitunga kitabu cha wasifu wa wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Ukurasa mmoja wa kitabu cha namna hiyo una uzito kuliko masimulizi ya ukoo mzima. Na jamaa anayeandika asijifiche: autaje udugu wake katika ukurasa wa majadiliano, awaachie wengine wapime.

Picha ndiyo yenye mtego. Ile iliyotundikwa ukutani ni yetu kama karatasi. Hakimiliki yake, kwa kawaida, ni ya mpiga picha, na akifa hurithiwa. Kuipakia bila idhini yao ya maandishi ni kutoa kisicho chetu. Hata picha aliyoipiga mjukuu mwenyewe, akishaitolea leseni huru hawezi kuirudisha: mfanyabiashara yeyote aweza kuichapa kwenye kalenda akaiuza, mradi amtaje mpigaji na kufuata masharti ya leseni. Bibi aliye hai, basi, aulizwe kwanza.