Kwa nini matairi ya baiskeli huisha na kuchanika mapema Katavi

MKULIMA anayetoka kijijini na gunia la mahindi juu ya keria kuelekea sokoni Mpanda hutegemea vitu viwili: nguvu za miguu yake na matairi mawili ya baiskeli. Tairi la nyuma likipasuka njiani, safari hukatika hapo hapo. Mzigo hubaki kando ya barabara, na fedha ya mahindi huanza kutumika kabla haijapatikana.

Katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba mazao, mkaa, maji na watu. Kwa miaka mingi iliyotamba ni ile nyeusi yenye magurudumu makubwa ya inchi 28. Baadaye ziliongezeka baiskeli za gia zenye magurudumu ya inchi 26 na matairi manene yenye meno, ambazo asili yake ni baiskeli za kupandia milima.

Kilio cha wenye baiskeli hizo hufanana: tairi jipya huisha meno kwa muda mfupi, au huchanika ubavuni wakati meno yake bado ni mazima. Wengi hulaumu ubora wa bidhaa. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini matairi mengi huuawa na mambo matatu yaliyo mikononi mwa mwenye baiskeli: upepo mdogo, mzigo mkubwa na breki zilizofungwa vibaya.

Ili kuelewa sababu zake, ni vyema kwanza kulifahamu tairi lenyewe. Tairi la baiskeli lina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kitambaa cha nyuzi za nailoni zilizopishana, ambacho ndicho mwili wa tairi. Ya pili ni mpira uliofunika nyuzi hizo, mnene mgongoni palipo na meno na mwembamba ubavuni. Ya tatu ni waya mbili za chuma zilizo kwenye kingo, ambazo hulishikilia tairi lisitoke kwenye ringi.

Tangu John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mzaliwa wa Scotland, alipotengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast mwaka 1887, kanuni haijabadilika. Kinachobeba mzigo ni upepo. Nyuzi huuzuia upepo usitoke nje, na mpira huzilinda nyuzi zisikatwe na barabara. Upepo ukipungua, kazi yake huhamia kwenye nyuzi, nazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Mtu wa kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 20 huliweka tairi la nyuma chini ya uzito wa kilo 50 hivi, kwa kuwa gurudumu hilo hubeba zaidi ya nusu ya uzito wote. Akifunga gunia la kilo 100 kwenye keria, karibu uzito wake wote huangukia nyuma. Tairi lililokuwa na kilo 50 sasa lina kilo 150, wakati matairi mengi ya inchi 26 hutengenezwa kubeba kati ya kilo 100 na 130 kila moja.

Kama tairi hilo limejazwa upepo hadi kipimo cha 60 kwenye geji ya pampu, sehemu yake inayogusa ardhi huwa takriban sentimita 36 za mraba, yaani mfano wa kimraba chenye upande wa sentimita sita. Upepo ukishuka hadi 30, eneo hilo huongezeka mara mbili. Tairi hubonyea, ubavu hutoka nje, na kila gurudumu linapozunguka nyuzi hukunjwa na kukunjuliwa. Kwa safari ya kilomita 20, mkunjo huo hurudiwa mara 10,000 hivi.

Nyuzi zinazokunjwa hivyo hupata joto, huachana na mpira na kukatika moja baada ya nyingine. Nje huonekana mstari mwembamba ubavuni, sambamba na ringi. Siku chache baadaye mstari huo hufunguka, tyubu huchungulia na kupasuka. Aidha, tairi lenye upepo mdogo likigonga jiwe hubanwa kati ya jiwe na ringi. Fundi akitoa tyubu na kukuta matundu mawili yaliyo sambamba, hana haja ya kutafuta mwiba. Hilo ni jeraha la kubanwa na ringi.

Meno nayo yana historia yake. Baiskeli za aina hii zilianzia kwa vijana waliokuwa wakishuka kwa kasi katika vilima vya Marin, jimbo la California nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Meno makubwa yaliyoachana yalikusudiwa kuzama katika udongo laini ili gurudumu lisiteleze. Katika mvua za Katavi, ambazo kwa kawaida huanza Novemba hadi Aprili, meno hayo hufanya kazi iliyokusudiwa.

Kiangazi hali hugeuka. Udongo hukauka na kuwa mgumu, na changarawe zenye ncha kali hubaki juu. Lami nayo imefika Mpanda kutoka upande wa Tabora, huku barabara nyingi za kwenda vijijini zikiendelea kuwa za udongo na changarawe. Juu ya lami meno hayana pa kuzama. Uzito wote husimama juu ya vichwa vichache vya mpira, navyo hupinda, hujisugua na kulika haraka. Mwenye kusafiri zaidi juu ya lami atanufaika na tairi lenye mstari wa mpira ulioungana katikati na meno madogo pembeni.

Breki huharibu kwa njia mbili. Mwendeshaji anayefunga gurudumu la nyuma ghafla hadi likaburuzika husugua sehemu moja tu ya tairi. Akirudia mara kadhaa, sehemu hiyo hupata kipara wakati kwingine meno ni mazima. Njia ya pili ni mbaya zaidi. Raba za breki zikikaa juu kupita kiasi, hugusa ubavu wa tairi badala ya ringi. Ubavu ni mwembamba, na mteremko mmoja mrefu unaweza kutosha kuukata hadi kwenye nyuzi. Matokeo ni hayo hayo iwapo ringi imepinda na tairi linasugua fremu au foku.

Kuna pia suala la saizi. Maandishi ya "inchi 26" hayatoshi, kwa sababu kuna ringi za aina zaidi ya moja zinazoitwa hivyo. Ringi ya kawaida ya baiskeli ya milimani ina kipenyo cha milimita 559 mahali waya wa tairi unapokaa, na ipo nyingine ya milimita 590. Baiskeli nyeusi ya inchi 28 kwa moja na nusu ina milimita 635. Namba hizo huandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 50-559, ambapo 50 ni unene wake. Tairi lisilolingana na ringi ama hukataa kuingia na kukatwa waya kwa kulazimishwa na bisibisi, ama hulegea na kuruka likijazwa upepo.

Jua nalo hushutumiwa sana. Ni kweli kwamba miale yake na hewa huukausha mpira na kuupasua nyufa ndogo ndogo. Hata hivyo, joto la mchana peke yake huongeza upepo kwa kiasi kidogo tu ndani ya tairi. Tairi linalopasuka likiwa limeegeshwa juani mara nyingi lilikuwa tayari limekatika nyuzi, au lilijazwa kupita kipimo, au ukingo wake haukukaa vizuri. Mafuta ya taa, dizeli na oili ni adui mwingine, kwani huulainisha mpira na kuuvimbisha.

Katika ununuzi, mteja alikunje tairi kwa mkono na kulitazama ubavuni. Mpira ukionyesha nyufa ungali dukani, tairi hilo limekaa muda mrefu au halikutengenezwa vizuri. Ndani, nyuzi zinapaswa kufunikwa zote na mpira, bila sehemu zilizo wazi.

Tairi lililochanika kidogo linaweza kuokolewa kwa kuwekewa ndani kipande cha tairi kuukuu, kilichochongwa kingo zake ziwe nyembamba ili kisikate tyubu. Kushona kwa uzi husaidia kufika nyumbani, lakini matundu ya sindano hukata nyuzi nyingine na uzi wa nje hulika upesi. Ufa uliofika kwenye waya haushoneki.

Tairi la nyuma linapoisha, inafaa la mbele lihamishiwe nyuma na jipya lifungwe mbele. Kupasuka kwa tairi la mbele humwangusha mtu kwa urahisi zaidi, hivyo lililo imara ndilo linalostahili kukaa huko.

Kubwa kuliko yote ni desturi ya kupima upepo kabla ya kufunga mzigo, si baada ya tairi kubonyea njiani. Kipimo cha juu kimeandikwa ubavuni, na kwa mzigo mzito tairi la nyuma lijazwe hadi karibu na kipimo hicho bila kukipita. Upepo hauongezi uwezo uliowekwa na mtengenezaji. Gunia linalozidi uwezo wa tairi hugawanywa katika safari mbili, kwani safari ya pili hugharimu jasho tu, ilhali tairi jipya hulipwa kwa mahindi yaleyale yaliyokuwa yakipelekwa sokoni.