Kujua na Kutenda: Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Utunzaji wa Mazingira Mkoani Mara

Mwanafunzi wa chuo kikuu akiulizwa madhara ya kukata miti ovyo, hujibu bila kusita. Hutaja mmomonyoko wa udongo, kukauka kwa chemchemi na mabadiliko ya tabianchi. Lakini jioni ya siku hiyo hiyo huenda akanunua mkaa wa kupikia chumbani kwake, na kifuko cha nailoni kilichofungiwa karanga akakitupa mtaroni. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini ujuzi na matendo huachana namna hii, na ni nini kiwezacho kuyaunganisha. Mifano yetu mingi tunaichukua mkoani Mara, kwa kuwa huko hasara ya utengano huo imekwisha kuonekana.

Kwanza, tupatazame mahali penyewe. Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha hutapakaa katika eneo pana la matete kabla ya kuingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Wakazi wa Musoma hunywa maji ya ziwa hilo. Bunda iko kati ya Ghuba ya Speke na Serengeti, mahali ambapo mkulima, mfugaji na wanyamapori hugombea ardhi na maji. Hata Butiama, iliyo mbali na ufuko, huletewa maji ya ziwa kwa mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama. Huko Butiama ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Basi mwanafunzi wa huko hawezi kusema kwamba habari za ziwa ni za wavuvi peke yao.

Pili, tuulize elimu ya mazingira inakusudia nini. Mkutano wa mataifa uliofanyika Tbilisi mwaka 1977 ulitaja makusudi matano: kuamsha fahamu, kutoa maarifa, kujenga moyo wa kujali, kufundisha stadi, na kuwashirikisha watu katika kutatua matatizo. Vyuo vyetu hufanya vyema katika mawili ya kwanza, kwa sababu hayo hutahiniwa kwa kalamu na karatasi. Matatu yaliyobaki hayaonekani katika cheti, na kwa hiyo husahauliwa kwa urahisi.

Mwanasaikolojia Icek Ajzen, katika maandishi yake ya mwaka 1991, alieleza kwamba nia ya mtu kutenda hutokana na mambo matatu: jinsi anavyolipima tendo lenyewe, jinsi anavyodhani watu anaowaheshimu watamwona, na kama anajiona ana uwezo wa kulitenda. Maelezo haya yanatusaidia sana. Mwanafunzi aweza kuuchukia uchafu kwa moyo wote. Lakini kama wenzake humcheka anayebeba takataka mfukoni, na kama njiani hakuna pipa, chuki yake haizai tendo. Vivyo hivyo, anayepanga chumba na hana fedha ya kununua mtungi wa gesi atanunua mkaa wa kopo moja moja, hata akiwa amepata alama za juu katika somo la misitu.

Nguvu ya jamii si jambo geni Butiama. Msitu wa Muhunda, ulio karibu na Mwitongo, umeheshimiwa na Wazanaki kama mahali patakatifu. Sisi hatuna haja ya kushiriki imani hiyo ili kuona somo lake: msitu hulindwa pale jamii nzima inapokubaliana kwamba kuna jambo ambalo mtu hafanyi. Sheria nayo ina nafasi yake. Kwa miaka mingi watu walijua ubaya wa mifuko ya plastiki, wakaendelea kuibeba. Ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mifuko mbadala ikapatikana madukani, desturi ya nchi nzima ilibadilika kwa muda mfupi.

Tatu, kuna suala la stadi. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yalibadilika yakawa meusi, yakatoa harufu, na samaki wengi wakafa. Kamati ya kitaifa iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilipunguza oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuridhika na maelezo hayo, na mjadala ukawa mkali. Hapa ndipo tunapotambua upungufu wetu. Msomi asiyeweza kupima oksijeni ya maji, wala kuweka kumbukumbu za mto mwezi baada ya mwezi, hana la kuwaambia wanakijiji ila kurudia maneno ya wengine. Hawezi kuthibitisha taarifa, wala hawezi kuikanusha.

Tufanye nini basi? Kanisa limeonyesha njia mojawapo. Katika Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, Askofu Fredrick Shoo alihimiza vijana wa kipaimara wapande miti kabla ya kubarikiwa. Kijana hakuambiwa tu kwamba mti ni mwema. Alipewa mche, shimo na siku ya kuupanda, mbele ya wenzake wafanyao vivyo hivyo. Mambo yote matatu ya Ajzen yamo ndani ya agizo hilo moja.

Vyuo vinaweza kufuata mfano huo. Kila darasa likabidhiwe kipande cha kijito au cha ufuko, likipime na kukitunza kwa miaka yote ya masomo. Jiko la chuo liache kuni, ili mafundisho ya darasani yasikanushwe na moshi. Mapipa yawekwe pale wanafunzi wanapopita. Na sisi walimu hatuna budi kutangulia, kwa maana mwanafunzi hutazama mikono ya mwalimu kabla ya kusikiliza maneno yake.

Wanafunzi hawa kesho watakuwa mabwana shamba, walimu na wachungaji wa vijiji vya Mara. Watakachozoea kutenda sasa ndicho watakachokifundisha huko.