Je, Wajua? Mji wa Farasi Nyuma ya Mageti

Huko California, kwenye rasi ya Palos Verdes, kuna mji mdogo uitwao Rolling Hills ambako kila kiwanja lazima kiwe na banda la farasi, au angalau nafasi ya kulijenga. Hulazimishwi kufuga. Nafasi tu iwepo.

Mji huo ulisajiliwa mwaka 1957. Barabara zake ni za binafsi, unaingilia getini, na hakuna taa za kuongozea magari. Njia za farasi hupita kando ya barabara na mipakani mwa viwanja, hivyo mpanda farasi hutoka nyumbani moja kwa moja bila kumpakia mnyama kwenye trela. Kwa mwenye farasi, hilo peke yake linatosha kumfanya ahamie huko.

Lakini masharti ni mengi: nyumba iwe ya chini, isiyo na ghorofa, na rangi yake nyeupe. Ukipenda bluu, shauri yako. Kisha kuna samadi: farasi mmoja mkubwa hutoa zaidi ya kilo 20 kwa siku, na nzi hawaheshimu uzio wa jirani. Jirani asiyefuga naye anaishi na harufu hiyo hiyo.

Tena vilima vya mji huo vina hatari zake. Moto wa nyika ukija, farasi nao huhitaji kuhamishwa. Mwaka 2024, ardhi iliyokuwa ikiporomoka ilisababisha baadhi ya nyumba kukatiwa umeme na gesi. Bei za nyumba? Mamilioni ya dola, farasi hajanunuliwa bado.